Viatu Visivyolia

Mara ya kwanza alipita upande wa pili wa barabara, akajifanya anasoma tangazo kwenye mlango wa duka la dawa. Mara ya pili alifika hadi kizingitini mwa duka la baiskeli, akauona mgongo wa Fundi umeinama juu ya gurudumu, na miguu yenyewe ikamgeuza. Jumamosi hii, saa tisa alasiri, Miale aliikokota baiskeli yake moja kwa moja mpaka ndani, akasema "Hodi" akiwa amekwisha kuingia, kama mtu anayeogopa kujibiwa.

Fundi aligeuka. Spana ikamponyoka mkononi, ikalia juu ya saruji.

"Shemeji," alisema.

"Fundi."

Basi. Miaka miwili na miezi miwili tangu walipoachana makaburini, na hayo ndiyo maneno waliyoyapata.

Jina la Miale alipewa na wenzake hospitalini, kwa kuwa kazi yake ni kupiga picha za eksirei. Siku nzima yuko nyuma ya mlango mzito kama wa jela, akiwaambia watu: vuta pumzi, usipumue, haya pumua. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Wenzake wa baiskeli walimwita Kishada, kwa jinsi alivyopepea barabarani akiwa na upepo mgongoni. Na Fundi alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Kila Jumapili alikuja kunywa chai kwao, akanawa mikono mara tatu na bado weusi wa mnyororo ukabaki kwenye kucha, na mama mkwe wa Miale akamtania kwamba vikombe vyake vimeanza kunuka gereji.

Baada ya maziko, Fundi hakuonekana tena. Hakupiga simu, hakutuma salamu. Miale alimngoja mpaka kungoja kukawa hasira, na hasira nayo ikawa kitu kingine ambacho hakuthubutu kukitafutia jina.

"Nataka viatu," alisema sasa, akiegemeza baiskeli ukutani. "Vile vya kujifunga kwenye pedali. Na pedali zake."

Fundi aliitazama baiskeli, si mwenye baiskeli. Aliifahamu. Yeye na Kishada ndio walioichagua, zawadi ya mke asiyetaka kupanda. Ilikaa miaka stoo, imefunikwa shuka.

"Unaiendesha?"

"Miezi saba sasa. Na kikundi cha kina mama wanaoendesha alfajiri za Jumamosi. Wiki iliyopita mvua ilitukuta kwenye mteremko, mguu ukateleza." Alipandisha suruali kidogo. Muundi wa kulia ulikuwa na kidonda kirefu kilichoanza kukauka. "Kiongozi wetu akaniambia, dada, jifunge, utaacha meno barabarani."

"Kuna duka jipya karibu na benki. Wana viatu vizuri tu."

"Najua."

"Vya kila namna."

"Fundi, unanifukuza?"

"La, Shemeji. La." Aliokota spana, akaifuta, akaiweka, akaiokota tena. "Kaa hapo kwenye benchi. Unavaa namba ngapi?"

Alipanda ngazi, akashusha maboksi mawili. La kwanza alilifungua, la pili akalisukuma pembeni. Lakini Miale alikuwa ameshaona picha iliyokuwa juu ya lile la pili: kiatu cheupe, soli ngumu kama ubao, na chini yake nafasi ya skrubu tatu.

"Nataka hivyo. Vya aina yake, alivyovaa marehemu."

"Wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Vya aina yake, Fundi."

Hakubishana. Alipiga goti mbele yake kama wauza viatu wote duniani wanavyopiga goti, ila wao hawashushi macho namna ile.

"Soksi hizi ndizo unazoendeshea? Vizuri. Na umekuja alasiri, vizuri pia. Mguu wa alasiri umeshavimba kidogo. Kiatu kinachokutosha asubuhi kitakutesa mchana."

"Na yeye ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia. Akaja asubuhi. Kesho yake akarudi kubadilisha, anachechemea."

Miale alitaka kucheka, kicheko kikaishia puani. Kidole gumba cha Fundi kilibonyeza ncha ya kiatu. "Vidole vinacheza? Vikigusa mbele, ganzi itakushika kabla ya kilometa kumi. Sasa kisigino." Akaushika mguu wake juu kidogo ya kifundo. "Inua. Kinapanda?"

"Hakipandi."

Mkono ulikuwa wa moto, mkavu, mzito wa kazi. Kwa miaka miwili hakuna aliyemgusa ila wagonjwa, nao humshika kwa kuogopa kuanguka. Miale aliinua macho kwa bahati mbaya, na Fundi naye kwa bahati mbaya. Walitazamana muda ambao mtu angeweza kusema neno. Fundi ndiye aliyeondoa mkono kwanza, haraka, kana kwamba ameshika kikaango.

"Tembea kidogo," alisema akiangalia sakafu.

Miale alisimama. Alipiga hatua moja.

Ko.

Ya pili. Ko. Ya tatu. Ko. Vipande vya plastiki vilivyofungwa tayari chini ya soli viligonga saruji, na ngozi ya shingo yake ikamsisimka. Alishika rafu ya matairi. Duka lilikuwa limejaa mwanga wa alasiri, redio ya jirani inaimba, lakini yeye alikuwa amelala chali kitandani kwake, shuka kidevuni, akisikiliza.

"Vua," Fundi alisema. "Shemeji, umebadilika rangi. Kaa, vua."

Alikaa. Hakuvua. Na kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu, maneno yalitoka yamepangana kama ya mtu aliyekuwa akiyafanyia mazoezi.

"Nyumbani kuna mtu anatembea. Kila alfajiri, saa kumi na moja kasorobo. Anaanzia nyuma, anapita koridoni, mlangoni kwangu, mpaka mlango wa mbele. Ko, ko, ko. Anasimama pale. Halafu anarudi, polepole zaidi."

Mkono wa Fundi ulikuwa umeganda hewani, umeshika kifuniko cha boksi. "Saa zake za kutoka," alisema.

"Saa zake za kutoka."

"Umewahi kufungua mlango?"

"Nikifungua nikakuta hakuna mtu, nitafanya nini? Na nikifungua nikakuta yupo?"

Nje mtu alipiga kengele ya baiskeli, akapita.

"Mama hasikii?"

"Nikimwuliza amelalaje, anasema kama gogo."

"Na viatu vyake viko wapi?"

"Vile vya siku ya ajali vilibaki hospitalini. Vya zamani Mama aligawa pamoja na nguo, mwezi wa kwanza ule ule." Miale alivitazama vile vyeupe miguuni mwake. "Nilidhani nikivaa mwenyewe, nikatembea mwenyewe, ile sauti itakuwa yangu. Mtu haogopi sauti yake."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa hata yangu."

Fundi alimvua viatu mwenyewe, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye boksi, akafunika kama anayefunika uso. Kisha akafungua lile boksi jingine. Viatu vya kijivu, vya kawaida kabisa, utadhani vya mtu anayekwenda sokoni.

"Ningekupa hivi hata usingeniambia. Angalia chini. Skrubu mbili tu, na kliti yake, hiki kipande cha chuma, kimezama ndani ya mpira. Ukitembea unakanyaga mpira. Pedali yake ina uso pande zote mbili, huhitaji kuitafuta kwa kidole cha mguu kwenye makutano huku magari yanakupigia honi. Vile vya skrubu tatu ni vya watu wa mashindano, wanaoshuka kwenye baiskeli kwa ajili ya kula na kuzikwa tu." Alisikia alichokisema. "Nisamehe."

"Endelea."

"Vaa. Tembea."

Miale alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Sauti pekee ilikuwa ya mpira ukibusu saruji.

"Havilii," alisema.

"Havilii."

Kufunga pedali kulichukua dakika kumi. Fundi alizungumza muda wote, kama daktari anayetaka mgonjwa asitazame sindano. Akaeleza kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na dunia yote, na kwamba kliti huwekwa pale mguu unapopanuka, nyuma kidogo ya kidole gumba, vinginevyo goti litamshitaki. Halafu akachukua ufunguo mdogo uliopinda, akaanza kulegeza springi za pedali, zile zinazokibana kiatu kisitoke. Akalegeza mpaka mwisho. Akajaribu kama umefika mwisho. Akajaribu tena. Jasho lilikuwa likimchirizika kwenye paji.

"Mkono unakutetemeka," Miale alisema.

"Njaa."

"Usinidanganye. Mimi kazi yangu ni kutazama watu walioambiwa wasitikisike."

Fundi akaikokota baiskeli mpaka uani nyuma ya duka, palipokuwa na ukuta mrefu na nyasi fupi, akamwonyesha. Ukiingia, sukuma ncha ya kiatu mbele na ukandamize, utasikia *tak*. Ukitoka, usivute juu, mtu akivuta juu ndipo anapofungika. Pindisha kisigino kwa nje, kama unayezima kipisi cha sigara. Na usingoje usimame ndipo ukumbuke. Toa mguu mapema, baiskeli ingali inatembea.

Miale aliegemea ukuta, akaingia, akatoka. Mara kumi mguu wa kulia, mara kumi wa kushoto. Akauacha ukuta. Akazunguka ua mara moja, mara mbili, na ilikuwa kweli walichokuwa wakisema kina mama wa Jumamosi: mguu na pedali vilikuwa kitu kimoja, hakuna nguvu iliyomwagika. Alielewa, kwa mara ya kwanza, kwa nini mumewe alikuwa akiacha kitanda cha moto alfajiri zote zile. Uelewa huo ukamchoma, akapunguza mwendo, akasimama, na alichokumbuka kuhusu kisigino alikikumbuka akiwa tayari anaelekea chini. Alianguka kwa ubavu, polepole, kama gunia linaloshushwa na watu waliochoka.

Nyasi zilikuwa laini. Alilala pale, mguu mmoja bado umenasa, na kicheko kikamtoka. Kicheko kamili, cha tumboni, ambacho hata yeye alikisikia kama sauti ya mgeni.

Fundi hakucheka. Alikuja mbio, uso wa mtu aliyefiwa, akaanguka magotini, akaukamata ule mguu, akaupindisha kwa nje. "Toka!" alikuwa akipiga kelele. "Toka! Toka!" Mguu ulitoka mara ile ya kwanza. Aliendelea kuupindisha. "Toka, ndugu yangu, toka!"

"Fundi." Miale aliishika mikono yake yote miwili. "Fundi! Umeshatoka. Nitazame. Umeshatoka."

Alimtazama. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Ni mimi niliyemuua," alisema.

Miale hakuachia mikono.

"Siku moja kabla ya ajali, Kishada alikuja. Kwenye mlima mguu ulikuwa ukimponyoka. Akasema kaza springi. Nikamwambia zinatosha. Akacheka, unajua alivyokuwa akicheka, akasema wewe kazi yako kukaza, mimi kazi yangu kupanda. Nikakaza. Mizunguko miwili, Shemeji. Kesho yake kwenye taa, alisimama, lori likaja kwa nyuma. Watu waliokuwepo walisema alianguka ubavu bila kujitoa. Mizunguko miwili! Kila nikifumba macho namwona anavuta mguu, na mguu hautoki, na mimi nimesimama pembeni nimeshika ufunguo."

"Ndiyo maana hukuja tena."

"Ningekaaje kwa mama yake? Ningepokeaje kikombe?"

Miale alimwachia. Alikaa juu ya nyasi, akayakung'uta majani kwenye suruali, na hasira iliyokuwa imelala miaka miwili ikaamka.

"Kwa hiyo ukaniachia mimi nyumba, na mama, na kaburi, na hizo hatua, wewe ukakaa hapa na mizunguko yako miwili. Hukuuliza. Hata siku moja hukuja kuniuliza!"

"Nikuulize nini?"

"Nilichokiona! Mimi nilikuwa zamu, Fundi. Hukujua? Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Iliandikwa usoni mwake.

"Walimwingiza kwangu hana jina. Uso wote bandeji, nguo wameshazikata. Bado alikuwa anapumua. Wakasema piga kifua, piga miguu. Nikamwambia usipumue, kwa mazoea. Picha ikatokea kwenye kioo. Mtulinga wa kulia, kibati cha chuma, skrubu sita, ya tano imeinama kidogo. Ile picha nilishawahi kuipiga, alipoanguka mwaka tuliooana. Nilikuwa nikimtania kwamba hakuna mwanamke anayemjua mumewe mpaka ndani kama mimi." Alimeza mate. "Nilimtambua kwa skrubu. Na nikaendelea kupiga. Ningesimama ningepiga kelele, na hakukuwa na mtu mwingine wa zamu. Nikapiga miguu."

"Basi, usiseme tena."

"Utasikia. Mguu wa kushoto, mfupa wa muundi, ulivunjika umbo la kabari. Hivi." Alichora kwenye kiganja cha Fundi kwa ukucha. "Mguu unaoning'inia hauvunjiki hivyo. Mguu uliofungwa kwenye pedali hauvunjiki hivyo. Unavunjika hivyo mguu uliokanyaga ardhi, umebeba mwili, ukagongwa. Nimeona mingi, na daktari wa mifupa alisema vilevile. Alikuwa ameshautoa, Fundi. Alikuwa amesimama kwa mguu wake, anangoja taa. Springi yako ilimwachia. Lori ndilo lililomfuata."

Fundi alikitazama kiganja chake kana kwamba mchoro ule ungefutika. Mabega yalianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha yote. Mwanamume yule, anayeinua pikipiki nzima kwa mikono miwili, alilia kama anayetapika. Miale alikivuta kichwa chake, akakiweka begani kwake. Alinusa mafuta ya mnyororo na sabuni, akajua, kwa woga, jina la kile kitu alichokuwa akikikimbia.

"Miale," alisema Fundi, kinywa kikiwa kwenye bega lake. Si Shemeji. Wote wawili waliisikia tofauti.

"Hodi humu ndani!"

Kila mmoja aliruka mbali na mwenzake. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, mkoba kifuani. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa bado inagonga kama muhuri.

"Jirani kaniambia baiskeli yako imeonekana hapa. Nikamwambia umechanganya, mkwe wangu ana akili zake. Mtu harudi kwenye shimo lililommezea mume."

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema akijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Marahaba. Kumbe mdomo unao. Miaka miwili nilidhani umekuwa bubu." Aliyatazama majani kwenye nywele za Miale, akaitazama baiskeli iliyolala, akamtazama Fundi. "Na kumbe mikono nayo unayo."

"Mama, si hivyo," Miale alisema.

"Sijasema ni vipi. Wewe ndiye unayesema si hivyo."

Aliwatangulia dukani, akajitupa kwenye benchi. Boksi la viatu vyeupe lilikuwa pembeni yake, na mkono wake, kama mkono wa mtu asiye na la kufanya, ulilifunua, ukatoa kiatu kimoja. Akakizungusha. Akavuta kikamba cha juu cha kukifungia kwa kidole kimoja, kikalegea mara moja, akakikaza tena, bila hata kutazama.

"Vitu vya hatari hivi," alinung'unika. "Kwenye saruji vinateleza kama sabuni. Usiposhika ukuta unakwenda chini."

Miale alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga hatua moja ndani.

"Mama umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba lazima ushike ukuta."

Mama mkwe alikitazama kiatu kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimezungumza. Alikishusha mapajani. Uso wake, uso uliogonga mihuri ya watu miaka thelathini bila kutikisika, ulianza kuchakaa mbele yao.

"Sikuvigawa," alisema.

"Mama."

"Nguo niligawa. Vile viatu vya zamani sikuweza. Alipokuwa hai nilikuwa nikizisikia hatua zake akitoka, nami nipo kitandani, nikisema Mwenyezi Mungu, mrudishe. Kila siku nilisema na kila siku alirudi. Siku ile nilipitiwa na usingizi." Alipapasa soli. "Sikusema. Sasa nisipozisikia zile hatua nashindwa kuamka, mwili unakataa. Kwa hiyo naenda kuzitoa mwenyewe. Vinanipwaya, navijaza vitambaa. Nafika mlangoni, nasema ile dua, narudi kulala. Nilijua umelala. Nilijua husikii."

Miale alitaka kusema ni mara ngapi alilala akitetemeka umbali wa ukuta mmoja. Alitaka kuuliza, tumeishi hivi miaka miwili, wewe ukitembea na mimi nikisikiliza? Badala yake alikwenda akakaa kwenye saruji, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mama yule, pembeni ya kiatu. Mkono mkavu ukamshukia kichwani, ukaanza kutoa majani ya nyasi, moja baada ya jingine.

"Nilidhani ni yeye," Miale alisema.

"Ndiyo nilivyotaka iwe, mwanangu."

Fundi aligeuka kutoka.

"Wewe unakwenda wapi?" mama mkwe alimwuliza. "Hili ni duka lako."

"Nawaacha mzungumze, Mama."

"Umetuacha vya kutosha. Simama hapo nikuone." Alimpima kutoka viatuni mpaka kichwani. "Mtoto wangu alikupenda. Sasa nakuona unavyomtazama mkewe. Usiseme si hivyo, mwenzako ameshasema na hakufaulu. Hii ni nini?"

Fundi aliitazama mikono yake, kisha akayainua macho, na mara hii hakuyashusha.

"Ninampenda, Mama. Sikutaka. Nilikaa mbali ili kitu hiki kisinishike, kikanishika huko huko mbali. Nilifikiri mimi ndiye niliyewanyang'anya mtu wenu, ningeanzaje kuja kuomba mwingine?"

"Na bado hujaomba. Unaeleza tu." Sauti ilikuwa kali, lakini mkono kichwani kwa Miale ulikuwa umeshikilia nywele kwa nguvu, kama anayehofia upepo. "Nikuambie kinachonikera. Si baiskeli. Si watu watasema nini, watu wamezaliwa kusema. Mimi mwanangu wa kuzaa amekwenda. Huyu akienda kwa mtu, nitakuwa mama wa nani?"

"Siendi popote, Mama," alisema Miale.

"Nyamaza kwanza. Namwuliza huyu."

"Mimi sina mtu," Fundi alisema. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, unajua. Zile Jumapili za kwenu ndizo nilizokuwa nazo. Sitaki kumtoa mtu nyumbani kwako. Nataka kurudi."

Mama mkwe alitafuta leso kwenye mkoba, akaikosa, akatumia kona ya mtandio.

"Anayemtaka huyu anatutaka wawili," alisema hatimaye. "Na mimi nakoroma."

"Wawili," Fundi alisema. "Nimesikia."

"Na mimi niulizwe," Miale alisema kutoka sakafuni. Alisimama, akajikung'uta, akavitazama viatu vya kijivu miguuni mwake ambavyo alikuwa amevisahau. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, lakini nyuma ya mbio hizo kulikuwa bado na chumba chenye mlango mzito, na mtu asiye na jina aliyelala juu ya meza, akitii kila alichoambiwa. Alijua atamkuta mle kila siku ya maisha yake. "Mnapanga kama mnaogawana shamba. Sijakataa, Fundi. Lakini leo nimekuja kununua viatu. Bado sijui hata kusimama bila kuanguka. Niulize nikishajua."

"Inachukua muda gani kujua?" mama mkwe akamwuliza Fundi, kwa sauti ya dirisha la posta.

"Inategemea mtu, Mama. Ila kila anayeanza huanguka mara tatu. Sijaona aliyenusurika."

Miale aliishika baiskeli kwa usukani, akaigeuza kuelekea uani. "Basi nimebakiza mbili."

"Haya, anguka haraka, mwanangu," alisema mama mkwe, akijikongoja kumfuata. "Mimi umri unakwenda."